Mkoba wa Tabibu na Kumbukumbu za Wazee wa Songwe

Historia ya nchi hii imejengwa, kwa sehemu kubwa, kwa vinywa vya wazee. Jan Vansina alipochapisha kitabu chake kuhusu mapokeo simulizi mwaka 1961, aliwapa wanahistoria wa Afrika hoja waliyokuwa wakiihitaji: kwamba neno la mzee, likipimwa kwa utaratibu, ni ushahidi kama ilivyo hati ya mkuu wa wilaya. Miaka michache baadaye Idara ya Historia ya Dar es Salaam iliichukua hoja hiyo na kuifanyia kazi. Isaria Kimambo alikusanya masimulizi ya wazee wa Upare na kuandika historia ya kisiasa ya Wapare iliyotoka mwaka 1969. Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa chuo hicho walitumwa kuwahoji wazee walioviona vita vya Maji Maji, au waliosimuliwa na walioviona. Sisi tuliokuja nyuma yao tumeendelea kubisha hodi katika nyumba zile zile, kinasa sauti mkononi na kilo ya sukari mfukoni.

Miongozo ya utafiti iliyotulea ina maswali mengi ya kumpima msimulizi. Ana umri gani? Alisimuliwa na nani? Ukoo wake ulinufaika vipi na simulizi hiyo? Ni nadra kukuta swali la kama kumbukumbu yake inaugua, na likiwepo huulizwa kwa ajili ya usalama wa ushahidi, si kwa ajili ya mzee mwenyewe. Mtafiti akibaini kwamba babu anachanganya majina ya watoto wake na ya ndugu zake waliokwisha kufa, huandika pembeni "hafai" na kwenda nyumba ya pili. Babu hubaki pale alipokaa.

Katika makala haya nataka kumzungumzia mgeni mwingine anayebisha hodi katika nyumba hizo, ambaye yeye hawezi kuandika "hafai" akaenda zake. Huyu ni tabibu anayetoka kituoni na kuwafuata majumbani wazee wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ule ambao wataalamu huuita demensia. Nitamtazama akiwa mkoani Songwe, ambako nimekuwa nikifanya utafiti kwa miaka kadhaa, na nitamtazama kwa jicho la mwanahistoria: ametokea wapi, na kwa nini mkoba wake umepungukiwa na kitu kimoja kwa karibu miaka mia moja. Hoja yangu ni hii: tawala zote zilizopita hapa, ya Mjerumani, ya Mwingereza na yetu wenyewe, zilijua vizuri sana kumfuata mgonjwa nyumbani kwake kila zilipomhitaji mgonjwa huyo. Mzee aliyesahau njia ya kurudi kutoka kisimani hakuwahi kuhitajika.

Kwa msomaji asiyeufahamu mkoa huu, Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na makao yake makuu yako Vwawa. Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 1.3. Mbozi ni nchi ya kahawa na ya Wanyiha. Ileje ni milima ya Wandali inayotazamana na Malawi. Momba huteremka kutoka kwa Wanyamwanga hadi bonde la joto la Ziwa Rukwa, ambako mvua ikishika barabara hugeuka tope. Wilaya ya Songwe ina dhahabu, na imekuwa na wachimbaji tangu enzi za Mwingereza. Kisha iko Tunduma, mji wa malori, ambako barabara kuu na reli ya TAZARA huvuka kuingia Zambia.

Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na kutoka huko kazi yao ikaenea hadi Mbozi na Isoko. Dawa ilitembea pamoja na Biblia. Lakini kilichowafanya watu wengi waiamini dawa ya kizungu ni sindano ya buba. Katika miaka ya 1920 maelfu ya watu Tanganyika walitembea kwa siku kadhaa kuifuata sindano hiyo, kwa kuwa vidonda vilivyomla mtu kwa miaka vilikauka katika majuma machache. Serikali ya kikoloni iliona mambo mawili: kwamba tiba inaweza kuwavuta watu kwa hiari, na kwamba haina madaktari wa kutosha. Jibu lake lilianza mwaka 1926, nalo lilikuwa dresa, kijana wa Kiafrika aliyefundishwa kwa muda mfupi kusafisha vidonda na kutoa dawa chache, akawekwa katika kibanda chini ya serikali ya mtemi na kulipwa na hazina ya mtemi. Dresa huyo ndiye babu wa tabibu wa leo.

Mkoba wa dresa ulikuwa na dawa za vidonda, homa, macho na minyoo. Ukiuchunguza kwa makini unaona ndani yake sura ya mtu aliyekusudiwa kutibiwa: mlipa kodi, mchuma kahawa, mchimbaji wa Lupa, kijana anayeandaliwa kwenda migodini. Wenela, wakala wa kuajiri watu wa migodi ya Afrika Kusini, alikuwa na tabibu wake pia, na huyo alipima kifua, misuli na uzito kabla ya kumpandisha mtu ndege. Mwili wa kijana wa Mbozi umeandikwa katika makaratasi mengi kuliko tunavyodhani. Mzee naye aliingia katika makaratasi hayo kwa mlango mmoja tu. Mtu aliyethibitika kuwa amezeeka na hana nguvu aliweza kusamehewa kodi ya kichwa, na jina lake likafutwa katika daftari. Kwa dola, ndio ulikuwa mwisho wake, ingawa aliweza kuishi miaka ishirini zaidi.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika, na sipendi kuungana na wale wanaosema hayakubadilika. Serikali ilikomesha uajiri wa Wenela. Baada ya Azimio la Arusha fedha za afya zilielekezwa vijijini kwa namna ambayo nchi chache maskini zilithubutu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 kuzunguka redio wakijifunza juu ya vyoo, mbu na maji. Mwaka 1977 ulianzishwa mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ambao chini ya ushauri wa Karel Styblo uliionyesha dunia nzima kwamba mgonjwa wa kijijini anaweza kufuatiliwa hadi apone. Ulipofika mwaka 2004 na dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zikaanza kutolewa bure, nchi ilikuwa imekwisha kujifunza jinsi ya kumtembelea mtu nyumbani, kuhesabu vidonge vyake na kumtafuta akipotea. Huduma za mkoba, kama tunavyoziita, zimeingia hata katika lugha ya kawaida. Kila mama aliyezaa miaka ya karibuni anaijua mizani inayoning'inizwa mtini siku ya kliniki.

Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba hatujui kutembea. Tumetembea kwa ajili ya ndui, ukoma, surua, kifua kikuu na UKIMWI, magonjwa yanayoambukiza au yanayoua watoto na wafanyakazi. Usahaulifu wa uzeeni hauambukizi. Hauzuii mavuno ya mtu yeyote isipokuwa ya mwanamke anayebaki nyumbani kumwangalia mzee, na mavuno ya mwanamke huyo hatukuyahesabu.

Kuna upande wa pili wa historia hii, ule wa tiba ya akili. Wamisionari wa Kijerumani walifungua makao ya wagonjwa wa akili Lutindi, katika milima ya Usambara, mwaka 1904. Mwingereza akajenga Mirembe, Dodoma, katika miaka ya 1920. Kutoka Tunduma, Dodoma ilikuwa safari ya siku nyingi, na aliyepelekwa huko alikuwa yule aliyesumbua amani ya umma. Bibi kizee aliyevaa nguo kinyume na kumwita mjukuu wake kwa jina la marehemu mumewe hakusumbua amani ya mtu. Wakati huohuo wataalamu wa kikoloni walikuwa wakiandika vitabu kuhusu kile walichokiita akili ya Mwafrika. J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari huko Nairobi, aliandika mwaka 1953, katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, kwamba Waafrika hawaitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo. Akili ya Mwafrika kwa jumla ilichunguzwa hadi kuchosha, na ya mzee fulani anayesahau ikaachwa.

Hata Ulaya na Marekani hazikuwa mbele sana. Alois Alzheimer alieleza ugonjwa uliokuja kupewa jina lake mwezi Novemba 1906, lakini mgonjwa wake alikuwa mwanamke aliyelazwa akiwa na miaka 51, na kwa miongo mingi madaktari waliamini kwamba huo ni ugonjwa wa watu wa makamo. Mzee wa miaka 80 aliyesahau alionekana amezeeka tu. Ni hadi mwaka 1976 ndipo Robert Katzman alipowashawishi wenzake kwamba ugonjwa wa yule wa miaka 51 na "uzee" wa huyu wa miaka 80 ni jambo moja.

Afrika ilisubiri zaidi. Katika miaka ya 1990 watafiti waliwalinganisha Wayoruba wa Ibadan na Wamarekani weusi wa Indianapolis, na matokeo yaliyotoka mwaka 1995 yalionyesha demensia kwa asilimia 2.29 huko Ibadan na asilimia 8.24 huko Indianapolis. Wapo walioyasoma matokeo hayo kana kwamba ni hati ya kinga: Mwafrika wa kijijini haugui ugonjwa huu. Kisha ikaja Hai, mkoani Kilimanjaro. Wilaya hiyo ilikuwa na utaratibu wa kuhesabu watu na vifo tangu miaka ya 1990, na kwa sababu hiyo watafiti waliweza kuwapata wazee wa vijiji 6 mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba. Waliwapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikuwa asilimia 6.4, yaani karibu mzee mmoja kati ya kila 16, kiwango ambacho hakitofautiani sana na cha nchi tajiri.

Naomba msomaji azingatie mlolongo huo. Ugonjwa ulionekana Hai kwa sababu Hai palikuwa na daftari. Songwe haikuwa nalo, na asiyehesabiwa huonekana mzima.

Hai ilitupa pia kipimo. Vipimo vya kigeni vya kumbukumbu, kikiwemo kile maarufu cha mwaka 1975, humtaka mtu aandike sentensi, achore maumbo na kutoa saba katika mia mara kadhaa. Mpe maswali hayo bibi ambaye hakuwahi kukanyaga darasani na utamkuta na ugonjwa hata akiwa mzima kuliko wewe. Kipimo kilichotengenezwa Hai, kinachojulikana kwa jina la IDEA, hakihitaji kalamu. Mzee huulizwa daraja ni nini, leo ni siku gani, kiongozi wa mahali pake ni nani. Hutakiwa kutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, kukumbuka orodha fupi ya maneno, na kupanga vijiti vinne vya kiberiti kwa umbo aliloonyeshwa. Huchukua kama dakika kumi. Mtu asiye daktari anaweza kufundishwa kukitumia.

Nimewahi kuandamana kwa siku kadhaa na tabibu mmoja anayebeba vijiti hivyo katika mkoba wake. Sitataja kijiji wala kituo chake. Ana pikipiki, na mafuta ya siku za kazi yakiisha hununua yake. Nyumba tatu kwa siku ndizo awezazo, kwa sababu nyumba moja humchukua saa mbili na zaidi. Nilidhani muda mrefu hutumika kumpima mzee. La hasha. Muda mrefu huenda kwa yule anayemtunza, ambaye mara nyingi ni mkamwana au binti aliyerudi kutoka kwenye ndoa iliyovunjika. Yeye ndiye ajuaye tangu lini, saa ngapi hali huzidi, nini kilibadilika.

Swali la tangu lini, nilivyojifunza, lina uzito kuliko vijiti vyote. Nyumba moja tuliambiwa bibi "ameingiwa na uzee": anaona watu ukutani, hajui yuko wapi. Tangu lini? Tangu Jumapili. Tabibu akaweka vijiti pembeni. Demensia haianzi Jumapili. Alipima joto, akapima mkojo, akakuta maambukizi ya njia ya mkojo, akaacha dawa. Juma lililofuata bibi yule alituuliza sisi ni akina nani na tumekuja kufuata nini, na kwa ukali. Nyumba nyingine usahaulifu ulikuwa sonona ya mjane, na nyingine ulikuwa masikio yaliyojaa nta, mzee akijibu maswali ambayo hakuulizwa. Kuna kiharusi kidogo kidogo kinachotokana na shinikizo la damu lisilotibiwa, na kuna kizazi kipya cha wazee waliozeeka na virusi vya UKIMWI, ambavyo navyo hugusa ubongo. Tunduma, mji wa njia kuu, ina sababu ya kuwafikiria hao. Ndiyo maana ninasema kazi hii inamtaka tabibu. Huruma ya jirani, ambayo ipo tele, haiwezi kutenganisha mambo haya.

Mzee mmoja alitakiwa kutaja wanyama. Alianza kutaja majina ambayo sikuyaelewa, na mkamwana wake akacheka: alikuwa akiwaita ng'ombe wake kwa majina, mmoja baada ya mwingine, ng'ombe waliouzwa zamani kulipia karo. Tabibu alibaki na kalamu hewani. Hao ni wanyama kumi na wawili, au ni mnyama mmoja? Aliandika vyote viwili na kuniambia kwamba fomu haina nafasi ya jambo hilo.

Mzee huyohuyo alimgeukia tabibu na kuanza kumwamuru kwa Kifanagalo, ile lugha ya migodini. Alikuwa ameondoka kwetu. Alikuwa chini ya ardhi, zamu ya usiku, miaka michache kabla ya uhuru, na tabibu alikuwa mwenzake wa zamu. Alieleza mbao zinavyopachikwa, nani alikuwa msimamizi, chakula gani kilitolewa. Asubuhi ile hakujua kama amekunywa uji. Mfaransa Théodule Ribot aliandika mwaka 1881 kwamba kumbukumbu mpya huanza kuvunjika na za zamani husalia hadi mwisho, na hapo nilikuwa nikiiona kanuni yake ikizungumza. Ninautafiti uajiri wa Wenela. Nimesoma majalada yake, na sijawahi kukuta katika jalada lolote maelezo ya zamu moja yenye uhai namna ile. Kinasa sauti kilikuwa mfukoni. Sikukiwasha, kwa kuwa mtu asiyejua yuko mwaka gani hawezi kuniruhusu, na ruhusa ya mkamwana si yake. Wapo wenzangu wanaoniona nimezidi. Wanasema ushahidi ule sasa umepotea, na hilo ni kweli.

Tabibu alimwacha amalize zamu yake. Halafu alikaa na mkamwana, akamwambia asibishane naye akisema mama yake yuko njiani anakuja, amuulize tu huyo mama alikuwa akipika nini. Alipunguza dawa ya usingizi iliyonunuliwa dukani, ambayo ilimfanya mzee aanguke. Alisifu kengele ya mbuzi ambayo mwanamke yule alikuwa ameifunga mlangoni ili asikie mzee akitoka usiku.

Kutoka usiku ndiko kunakonipeleka kwenye sehemu ngumu ya makala haya. Katika miaka ya 1930 vijana waliojiita Mchapi walitoka Nyasaland wakaenea Rhodesia ya Kaskazini, wakiwapanga wanakijiji mstari, wakiwatazama kwa kioo na kuwanywesha dawa walioonekana wachawi. Audrey Richards aliwaandika mwaka 1935. Vuguvugu la namna hiyo lilivuka hadi Ufipa, majirani wa Momba, na Roy Willis alilichunguza katika miaka ya 1960 kwa jina la Kamcape. Waliopangwa mstari walikuwa watu wa rika zote, lakini katika maandishi hayo vijana ndio waliobeba kioo, na wazee ndio walioshukiwa zaidi.

Ni dalili gani zilimfanya mtu ashukiwe? Hutembea usiku. Huonekana akiwa uchi au nusu uchi. Huongea peke yake, au na marehemu. Huingia nyumba isiyo yake. Akiulizwa hukubali. Orodha hiyo ukimpa tabibu atakuambia ni dalili za demensia iliyokomaa. Kukubali ndiko kunakonitisha zaidi. Ubongo unaougua hujaza mapengo kwa chochote kilicho karibu, na mwenye kuhojiwa kwa ukali kuhusu mtoto aliyekufa anaweza kuona kweli kwamba alikuwepo. Margaret Field, aliyefanya kazi vijijini Ghana, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1960 kwamba wengi wa wanawake waliokwenda kwenye madhabahu kujishtaki kuwa ni wachawi walikuwa wagonjwa wa sonona. Sidai kwamba kila mzee aliyetuhumiwa nchini alikuwa na ugonjwa wa ubongo. Tuhuma nyingi huhusu mashamba, wivu na urithi, na wanaotuhumu huwa na akili timamu kabisa. Ninachodai ni kwamba ramli ilikuwa, na mahali pengi bado ni, maelezo pekee yanayofika nyumbani. Sheria ya Uchawi tuliyorithi kutoka mwaka 1928 inamwadhibu anayemtuhumu mwenzake. Haimpi jirani aliyeogopa usiku maelezo mbadala ya alichokiona. Tabibu humpa.

Tunduma ina ugumu wake wa pekee. Mstari wa mpaka ulikubaliwa na Wajerumani na Waingereza mwaka 1890 na kupimwa ardhini mwaka 1898, ukiwagawa Wanyamwanga sehemu mbili. Hadi leo ndugu wa Tunduma na wa Nakonde huzikana. Kituo cha pamoja cha forodha kilichofunguliwa mwaka 2019 kimerahisisha safari za malori. Mzee anayetangatanga hahitaji kituo. Hupita uchochoroni akifuata nyumba ya shangazi iliyobomolewa zamani, na jioni familia hupiga simu upande wa pili. Vipimo vingi vya kumbukumbu huuliza: uko nchi gani? Tabibu wangu hulikwepa swali hilo akiwa mpakani. Aliwahi kujibiwa na bibi mmoja kwamba inategemea umekaa upande gani wa barabara, na akaona hilo ni jibu sahihi.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na zaidi na inaahidi matunzo ya afya kwake. Msamaha wa gharama upo, dirisha la wazee lipo, na bango la "mpishe mzee kwanza" limebandikwa ukutani. Vyote hivyo ni vizuri, na vyote humsubiri mzee afike. Mgonjwa wa demensia hafiki. Hajui kwamba anaumwa, hawezi kupanda bodaboda peke yake, na mkamwana akimpeleka hupoteza siku ya shamba. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mwenye miaka 70 pensheni bila kuuliza alifanya kazi gani. Bara hatuna pensheni ya namna hiyo kwa wote, na kilo za mahindi anazokosa mtunzaji hazijaingia katika hesabu ya mtu.

Mwezi Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kupata wahudumu zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Hao ndio watakaopita kila kitongoji, na ndio warithi halisi wa dresa wa 1926. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 55 duniani wana demensia, na wengi wao wako katika nchi kama yetu. Hai imekwisha kuonyesha kwamba asiye daktari anaweza kutumia kipimo kile, na kwamba vikao 14 vya mazoezi ya akili, vinavyoendeshwa kwa Kiswahili katika kikundi kidogo cha wazee bila dawa yoyote, huwaongezea uchangamfu. Anachohitaji mhudumu ni mafunzo ya siku chache, kiberiti, na tabibu mmoja katika kila wilaya wa kupelekewa wale walioshindwa kipimo, mwenye siku zake za kutoka na mafuta yake.

Ndugu zangu mnaokaa katika timu za afya za halmashauri mtakuwa na Mpango Kabambe wa Afya wa mwaka ujao mezani. Mna fungu la mafuta ya chanjo, na lisiguswe. Tabibu niliyeandamana naye huhitaji lita nane kwa juma. Mwezi uliopita aliniambia amepunguza nyumba, sasa huenda mbili kwa siku, zile zilizo karibu na lami. Kwa mzee wa ng'ombe hajafika tangu mvua zianze.